Sikio la Maman Mukubwa

Ninyi wa chumba cha michoro mmeniuliza mara nyingi kwa nini picha ya tembo iliyo karibu na mlango ina kiraka sikioni. Kila mara nilijibu kwamba ni unyevu. Si unyevu. Sasa nimestaafu, mmenipa saa ya ukutani na hotuba ndefu, na sina tena mkubwa wa kumwogopa. Nitaeleza kwa utaratibu, tangu siku ya kwanza.

Nilifika kituoni nikiwa msichana wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, mwenye diploma ya masista na viatu vya kisigino. Barabara ya kutoka kijiji cha Miti kupanda hadi kituoni ilivimaliza viatu hivyo kabla ya saa sita. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kituo cha utafiti kinahitaji mtu wa kuchora, nami shuleni nilisifiwa kwa maua na malaika. Walinipeleka kwenye chumba kile kile mnachokijua, chenye meza ndefu chini ya dirisha, makabati ya ndege waliokaushwa, na harufu ya naftalini ambayo baada ya wiki moja huisikii tena, ila watu wa nyumbani wanaisikia mpaka ukistaafu.

Mezani alikaa Mjerumani mrefu, mwembamba, mwenye koti la kazi lililojaa rangi. Wafanyakazi wote walimwita Papa Anton. Alikuwa mchoraji wa wanyama, hakuwa na kazi nyingine wala hakuwahi kutaka nyingine. Hakuniuliza jina. Aliniuliza, "Mademoiselle, mikono yako iko safi?" Nilipomwonyesha, aliweka ndani yake ndege mdogo wa manjano aliyekufa asubuhi ile, akanipa bikari na kalamu ya risasi. "Hesabu manyoya ya bawa. Halafu hesabu tena. Kuchora, tutaona juma lijalo."

Nilihesabu siku tatu. Siku ya nne nilianza kuota manyoya. Siku ya tano niligundua kwamba kabla ya hapo sikuwahi kumtazama ndege hata mmoja, ingawa niliishi nao miaka yote. Nikamwambia hivyo. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea ripoti ya kawaida, akanipa karatasi.

Maisha yake nilikuja kuyajua vipande vipande, maana alizungumza zaidi na brashi kuliko na watu. Baba yake aliuza nyama katika mji mdogo wa Ujerumani. Alijifunza mifupa na misuli akiwa amesimama machinjioni, na picha yake ya kwanza iliyolipwa ilikuwa ng'ombe kwenye ubao wa duka la baba yake. Alipokuwa mtoto vita vilipita kwao, na kando ya barabara wakabaki farasi waliokufa wakikokota mizigo ya jeshi. Watoto wenzake walikimbia harufu. Yeye alikaa na daftari la shule akawachora mmoja mmoja. Baadaye alisomea uchoraji, akaajiriwa kwenye bustani ya wanyama ya mji mkubwa kuchora mabango ya vizimba. Kazi hiyo aliiacha. Aliniambia wanyama wa kule walikuwa na uso wa watu wanaongoja kwenye ofisi. Alikuja Kivu kuchora ndege wa kitabu kimoja, kwa miezi michache, akakaa zaidi ya miaka ishirini. Hakuoa. Jumapili alikaa benchi la mwisho kanisani, ingawa hakuwa Mkatoliki, kwa sababu kwaya ilimpendeza na hakuna aliyemuuliza kitu.

Picha iliyokamilika ya mnyama mmoja tuliita planche, na mpaka leo mnaiita hivyo. Planche ya Papa Anton ilikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta kwingine. Hakuandika jina lake upande wa mbele mpaka mtu aliyemwona mnyama yule akiwa hai aje mezani, aitazame, na aseme, "Ni yeye." Mara nyingi mtu huyo alikuwa mwindaji wa zamani, mama aliyelima pembeni ya msitu, au kiongozi wa njia ambaye hakuingia darasani hata siku moja. Jina lake liliandikwa nyuma ya planche, pamoja na mahali alipomwona mnyama na jina la mnyama kwa lugha ya kwao. Asiyejua kuandika aliweka kidole. Wakubwa wa kituo, wenye digrii zao, waliona ni mchezo. Papa Anton aliwajibu kwa upole kwamba yeye hachori wanyama wa digrii.

Nilipochora kinyonga wangu wa kwanza, akinasa nzi kwa ulimi, nilijivunia mpaka nikampelekea kabla hajamaliza chai. Aliitazama muda mrefu.

"Ni mzuri. Nani aliona?"

"Nilimwona kwenye kitabu, Papa."

"Peleka nyumbani kwa mama yako. Pale atapendeza."

Yule kinyonga alining'inia sebuleni kwetu Kadutu mpaka mama yangu alipokufa. Wageni walimsifu sana. Mimi kila nikipita nilisikia lile swali.

Mtu aliyekataa picha kuliko wote alikuwa Papa Bisimwa, kiongozi wa njia, mtu wa vijiji vya juu ya Miti. Alikuwa mfupi, mkimya, na msituni hakuvaa viatu kwa sababu alisema viatu vinamziba masikio. Hilo sikulielewa hadi nilipopanda naye nikamwona akisikia hatua za tembo kwa nyayo. Alijua tembo wa milimani wote, mmoja mmoja, na aliyemjua zaidi ni jike mzee aliyeongoza wenzake. Alimwita Maman Mukubwa, kama tunavyomwita dada mkubwa wa mama, yule ambaye akiingia nyumbani hata baba anashusha sauti. Nilimwona mara moja tu. Alitoka kwenye mianzi, akasimama, akatutazama kama watu waliokuja bila kualikwa, akarudi zake.

Papa Anton alitaka kumchora yule jike kabla ya kuzeeka zaidi, na alifanya kazi hiyo karibu mwaka mzima. Siku alipomwita Bisimwa kuitazama planche, sote tulisimama. Bisimwa aliweka mikono nyuma, akainama.

"Huyu ni tembo," alisema. "Lakini haiko Maman Mukubwa."

"Nini haiko sawa?"

"Sikio ya kushoto. Ule mupasuko iko chini sana. Na weye umeipasua na kisu. Yeye alipasuka na muti."

Papa Anton alikwangua sikio lile kwa wembe, akapaka upya gundi ya ngozi, ile tuliyochemsha na kuipaka juu ya karatasi ili rangi isitawanyike kwa unyevu wa huku kwetu, akachora tena. Bisimwa akarudi, akasema bado. Akakwangua, akapaka gundi, akachora. Bado. Mara tatu. Wenzangu walianza kucheka chini chini. Mimi nilikasirika kwa niaba ya mwalimu wangu, nikamwambia Bisimwa kwamba mupasuko ni mupasuko. Alinijibu bila hasira, "Dada Furaha, kama nikichora sikio ya mama yako mahali haiko, utasemaje?"

Safari ya nne Papa Anton alipanda mlimani mwenyewe pamoja na Bisimwa, akiwa na miaka sitini na zaidi, kwenda kulitazama sikio. Walilala huko siku tano. Mimi sikuwepo. Mtoto wangu alikuwa na malaria, nilikuwa naye hospitalini Bukavu. Niliporudi, sikio lilikuwa limekwisha kuchorwa na limefunikwa karatasi laini, likingoja Bisimwa ashuke aseme neno lake. Sikuinua karatasi. Nilidhani siku zipo nyingi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Vita vilifika kabla ya Bisimwa.

Mliozaliwa baadaye mmeshasimuliwa jinsi ilivyokuwa, sina la kuongeza. Gari lilikuja kumchukua Papa Anton asubuhi, na walimruhusu mfuko mmoja. Alisimama katikati ya chumba akiwa ameshika brashi zake, hajui aweke wapi. Nilimwona akiwa yule mtoto wa kando ya barabara, na nililia mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kazini. Aliniambia maneno mawili tu. La kwanza, planche zote nizichukue mimi. La pili lilikuwa lile alilolirudia tangu juma langu la kwanza: ngozi na karatasi zisilale chini ya kifuniko kimoja.

Camionnette, gari dogo la mizigo, iliyoteremka mjini ilikuwa na nafasi ya sanduku moja la bati. Moja. Na juu ya meza kulikuwa na planche, na kando yake ngozi za ndege ambazo hazipatikani tena popote, nyingine bado hazijatiwa dawa. Nilisikia milio ya bunduki kutoka upande wa Kavumu. Nikaweka zote pamoja, karatasi chini, ndege juu, nikafunga. Nilijiambia ni kwa siku chache.

Mama yangu aliuza makala, yaani mkaa, kule Kadutu. Sanduku tulilificha nyuma ya magunia yake, mahali ambapo mtu mwenye nguo safi hangeingiza mkono. Sisi tulikimbilia kwa wakwe zangu Kalehe. Mama alikataa kuondoka, alisema makala hayana miguu. Tuliporudi, askari walikuwa bado wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza vitu vya kituo, kwa hiyo sanduku halikuguswa. Ulipita karibu mwaka.

Siku nilipolifungua, ndege walikuwa unga. Wale wadudu wadogo weusi wanaokula ngozi kavu walikuwa wamewamaliza, kisha wakashuka kwenye karatasi. Karatasi yenyewe hawaitaki. Wanachotafuta ni gundi ya ngozi iliyo juu yake. Planche nyingi zilikuwa zimeguswa pembeni tu, maana gundi yake ilikuwa nyembamba. Ya Maman Mukubwa walikuwa wameila mahali pamoja, pale palipopakwa gundi mara nyingi kuliko pote. Sikio la kushoto lilikuwa tundu. Niliweza kupitisha ngumi.

Sikumwambia mtu. Nilikata karatasi ya aina ile ile, nikabandika kiraka kwa nyuma, nikachanganya rangi, nikalichora sikio kwa kukumbuka tu. Mkono wangu ulikuwa mzuri wakati ule, nasema ukweli tu. Nilipomaliza, hata mimi niliona limekaa. Barua ya Papa Anton ilipofika kupitia padri mmoja, ikiuliza habari ya planche, nilimjibu kwamba zote ni salama. Nilidanganya. Nimeandika maelfu ya lebo katika kazi yangu na sidhani kuna yenye uongo, lakini sentensi ile moja niliiandika kwa mwandiko wangu bora.

Halafu vita vya pili vikaja, na kituo kikawa mahali pa kupita watu wenye bunduki. Tulifanya kazi siku tulizoweza. Habari kutoka mlimani zilikuwa za meno ya tembo yanayoteremshwa usiku na mchana. Kwanza tulisikia madume wamekwisha. Kisha wenye watoto. Mwishowe hatukusikia tena kitu, na hiyo ndiyo habari iliyoniumiza zaidi. Bisimwa naye hakuonekana. Wengine walisema amekufa.

Barua ya mwisho ya Papa Anton ilikuwa fupi, mwandiko umelegea. Aliandika kwamba macho yanamwacha na kwamba hatarudi. "Planche ya Maman Mukubwa haina jina langu," aliandika. "Bisimwa akishuka, mwonyeshe sikio. Akisema ni yeye, andika jina langu kwa mkono wako, nakuruhusu. Asiposema, usiandike." Miezi michache baadaye mpwa wake aliniandikia kwamba amezikwa.

Jueni basi nilichokuwa nacho mezani. Wale tembo hawapo. Yule mzee hayupo. Kuna picha moja ya yule jike duniani, na sehemu iliyobishaniwa mwaka mzima nimeichora mimi, bila kumuuliza mtu. Ningeweza kuandika jina lake nikanyamaza. Nani angejua? Nilishika kalamu mara mbili. Mara zote mbili nilisikia, "Nani aliona?"

Bisimwa alishuka asubuhi moja ya mvua, vita vikiwa vinapoa. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, na alikuwa amevaa viatu. Nilimpa chai. Nilimweleza kwamba Papa Anton amekufa. Aliuliza planche iko wapi. Nikafunua planche, nikangoja.

Alitazama kidogo sana, akageuza uso kwenye dirisha.

"Ile sikio haiko yake. Ile ni ya zamani, yenye nilikataa mara ya kwanza."

Hapo nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Sikio lililo sawa sikuwahi kuliona, lilikuwa chini ya karatasi laini ambayo sikuiinua. Nililolikumbuka ni lile lililokataliwa, kwa sababu ndilo nililokaa nalo nikilitetea. Nikamwambia yote, sanduku, ngozi, wadudu, kiraka, barua. Nilimwomba anisamehe, na nilimwomba akae mezani anisahihishe, kisha aweke kidole nyuma.

"Nitakuambia namna ilikuwa," alisema. "Lakini kidole, hapana. Mi siwezi weka kidole pale."

"Kwa nini, Papa? Hakuna mwengine aliyemwona kama wewe."

"Njo hiyo sababu." Aliweka kikombe chini. "Batu ya bunduki banikuta mu shamba. Balisema, weye unajua njia ya bale tembo. Nilikuwa na batoto ine mu nyumba, Maman Furaha. Nilibaonyesha. Nilitembea mbele yabo siku mbili. Yeye alitoka mu mianzi vile anatokaga, akatuangalia. Aliniona mimi. Alinijua, hakukimbia."

Mvua ilipiga bati.

"Benye kukata meno balianza kukata angali anapumua. Mi nilipiga magoti, nikamushika sikio. Ile ya kushoto. Ilikuwa ingali moto. Mupasuko unaanzia juu, hapa, unapinda kama ukingo ya jani, na chini yake kuko kashimo kadogo kenye kidole yangu iliingia." Aliniinulia kidole cha shahada. "Hii."

Nililia, na sikutoka nje kulia. Yeye hakulia. Nilipoweza kushika wembe nilikwangua sikio langu mbele yake, nikapaka gundi nyembamba. Alirudi siku iliyofuata, na ile nyingine. Alivua viatu akaviweka mlangoni, akakaa kwenye kiti cha Papa Anton kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na dirisha. Nilichora kidogo kidogo, nikiuliza kila mstari. Juu zaidi. Hapana, unapinda mbele. Pale. Tundu lile nililipima kwa kidole chake kwa bikari, nikapunguza kwa kipimo cha picha, kama nilivyofundishwa juma la kwanza kwa yule ndege wa manjano.

Siku ya tatu, kabla ya saa sita, niliweka brashi chini. Bisimwa alisimama, mikono nyuma, akainama.

"Ni yeye," alisema.

Nikaigeuza planche. Nilimwambia kwamba sheria ya mzee haikuuliza kama aliyeona alifanya mema. Inauliza kama aliona. Kisha akasema ataweka kidole, kama nitaandika kwanza yote, na kama nitaandika yangu pia. Nilikubali, na upande wa mbele nikaandika jina la Papa Anton kama alivyoniruhusu.

Ndiyo maana nawaambia leo. Sitaki mtu aitundike tena ile picha kama pambo la mlangoni. Kuna siku mtaihamisha, mtapaka ukuta rangi, mtaiteremsha. Igeuzeni. Mtakuta mwandiko wangu, ule mzuri, na alama ya kidole iliyokwisha kufifia. Imeandikwa hivi:

Tembo jike wa milimani, aliyeitwa Maman Mukubwa. Amechorwa na Anton. Sikio la kushoto liliharibiwa na Furaha, aliyeweka ngozi pamoja na karatasi, akalichora bila kuuliza, akadanganya. Limesahihishwa mbele ya Bisimwa, aliyemwona akiwa hai miaka mingi, aliyewaleta waliomuua, na aliyemshika sikio mpaka likapoa.